Katibu wa Maandishi Matupu

Ukipokea barua kutoka kwa Pauline Nasike, utaijua kabla hujafika kwenye jina. Haina rangi. Haina herufi nene wala herufi za kulala. Haina ua pembeni, haina nembo, haina mstari wa Biblia chini ya sahihi. Ina salamu, ina jambo, ina jina lake, kwisha. Watu wa Bungoma wanaomjua humtania kwamba nyumba yako ikishika moto, Pauline atakuandikia hivi: "Nyumba yako inaungua. Njoo. P. Nasike." Nao wakishacheka hukubali kwamba ungekuja mbio.

Mama huyu ni katibu wa chama cha wakulima wa mbegu za mahindi. Wanachama ni thelathini na wanane, wametapakaa kuanzia Misikhu mpaka huko juu Kapsokwony. Ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo mjini Bungoma, na harufu ya dawa ya kupe hupanda ngazi pamoja na wageni. Kazi yake ni kupokea maneno ya kampuni ya mbegu iliyoko Kitale na kuyafikisha kwa wakulima, kisha kupokea ya wakulima na kuyarudisha Kitale. Kampuni huandika kwa barua pepe. Wakulima wengi wana zile simu ndogo za kubonyeza ambazo chaji yake hukaa wiki nzima. Kwa hivyo barua ikifika, Pauline huisoma, huitoa mafuta, huigeuza meseji fupi na kuituma. Hilo la kuitoa mafuta ni neno lake mwenyewe.

Tabia hii hakuzaliwa nayo. Alipotoka kwenye chuo cha kupiga chapa pale Kitale, msichana wa miaka ishirini mwenye vidole vyepesi, naye alipenda mapambo kama mtu yeyote. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwa Mzee Kagwe, mkulima ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa kati, akawa na ng'ombe Kitale na ng'ombe wengine Suam. Zamani hizo za simu ya upepo, Pauline alipiga chapa maagizo, na karani mmoja akayasoma redioni kila asubuhi ili msimamizi wa Suam ayasikie. Siku moja aliandika kwamba ng'ombe waogeshwe leo, na chini ya neno leo akapiga mistari miwili kwa wino mwekundu ili ionekane ni haraka. Karani akasoma upesi upesi, upepo ukakwaruza, msimamizi akasikia nusu, ng'ombe wakaogeshwa kesho yake. Wawili walikufa kwa ugonjwa wa kupe.

Mzee Kagwe hakumpigia kelele. Alimwita akamwonyesha ile karatasi. "Nasike," akamwambia, "upepo haubebi wino mwekundu. Kama ni leo, sema ni leo na sio kesho. Tumia mdomo." Wee! Lilimwingia hilo, na halikutoka tena. Tangu siku hiyo, jambo likiwa kubwa, Pauline hulisema mara mbili kwa maneno tofauti, lakini halipaki rangi.

Basi chama kilipomwajiri, kikamwekea kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa imetumika mahali pengine mpaka ikachoka, ndipo ikaletwa Bungoma kustaafu. Siku moja ilifika barua ya kumtakia heri ya mwaka mpya, imepambwa maua ya alizeti. Pauline akaifungua, akashuka chini kunywa chai, akapanda, akakuta ua moja limefika nusu. Bando lilikuwa limekwisha. Akamwita Tonny, fundi wa kompyuta, akamwambia, "Nifungie hii kitu. Nataka maneno peke yake."

Tonny akabonyeza hapa na pale, mapambo yote yakatoweka, yakabaki maandishi matupu meusi kwenye weupe. "Lakini Madam," akamwambia, "siku ukitaka kuona vile mtu amepamba, kuna kamstari hapa juu. Unabonyeza tu."

"Nitabonyeza nikizeeka," alisema Pauline, akacheka peke yake. Hiyo ni miaka tisa iliyopita.

Sasa huko Kitale kampuni ikamwajiri kijana, Kiragu, wa miaka ishirini na minane, naye mwana wa watu waliotoka upande wa kati, amezaliwa na kukulia Kitale. Kijana wa watu, mpole, mchapakazi, lakini mapambo! Barua yake ilikuwa na kichwa cha kijani, maneno makuu yana manjano nyuma yake kama mtu aliyemwagikiwa na mchuzi, na chini kabisa jani la mhindi linalocheza. Pauline hakuwahi kuyaona hayo kwenye kompyuta yake. Aliyaona kwenye simu kubwa ya mwenyekiti, Mzee Makokha, akashika kiuno.

Akampigia. "Kiragu, kijana wangu, marangi yote haya ni ya nini?"

"Madam, si ni ndio watu wasome? Siku hizi watu hawasomi bana, wanaangalia tu."

"Mimi nasoma."

"Uko peke yako, Madam."

"Na wewe ni kama harusi bila bibi harusi. Mapambo mingi, maneno hakuna."

Kijana alicheka sana. Hawakuwa maadui hata kidogo. Kila akija Bungoma hakosi kumletea avokado za kwao, na Pauline hakosi kumuuliza ataoa lini. Kila mmoja alimwona mwenzake ana ugonjwa mdogo usioua. Mwaka huu, mwezi wa saba, ugonjwa huo uliuma mtu mwingine kabisa.

Wewe usiyelima mbegu, nisikilize kidogo. Mahindi ya mbegu si mahindi ya kula. Yakichanua, mahindi mengine yasiwe karibu, maana unga wa mbelewele, lile ua la juu, hupeperushwa na upepo ukaingia kwa mahindi yako na kuvuruga ukoo wake. Kwa hivyo wakati wa kuchanua mkaguzi hupita shamba kwa shamba. Shamba safi linapita. Shamba lenye kasoro, jina la mwenyewe hukatwa mstari kwenye orodha, naye hupewa siku tano apigie Kitale, aambiwe kasoro ni nini, aiondoe. Akiiondoa kwa wakati, anaokoka. Zamani orodha ilikuja kwa karatasi na mstari ulipigwa kwa kalamu, huwezi kukosa kuuona. Sasa Kiragu alituma orodha kwa barua pepe, kwa katibu peke yake, na kukata jina akatumia kile kidude cha kompyuta kinachopitisha mstari katikati ya herufi. Alikata jina moja tu, la ishirini na sita. Hakuandika neno lolote kando yake. Juu aliandika hivi: "Orodha baada ya ukaguzi ndiyo hii. Tafadhali waarifu wakulima."

Kwenye kompyuta ya Pauline hakukuwa na mstari. Mapambo yamefungwa, na mstari nao ni pambo. Majina thelathini na manane yalikuwa mazima yote.

"Asante Yesu!" alisema kwa sauti, mpaka mwenye duka la chini akauliza kuna nini. Katika miaka yake yote chama hakijawahi kupita kizima. Hapo ndipo angesita, na mimi ninayekusimulia nasema wazi, mtu wa uzoefu wake alipaswa kusita. Hakusita. Alifurahi, na furaha nayo hupofusha. Akakaa chini akatuma meseji moja moja, thelathini na nane, kila moja na jina la mwenyewe: "Shamba lako limepita ukaguzi. Hongera. P. Nasike."

Jina la ishirini na sita lilikuwa Chemutai wa Kapsokwony. Mama wa miaka thelathini na minne, ameachana na mume, amerudi kwa baba yake na binti zake wawili. Mzee akamkatia ekari moja na nusu pale kwenye mteremko. Kaka yake, Cherop, alisema mbele ya watu kwamba mwanamke na mbegu ni wapi na wapi, na kwamba akishindwa msimu huu wa kwanza shamba lirudi kwake. Mzee hakubisha. Kwa hivyo Chemutai hakuwa akilima mahindi tu, alikuwa akilima mahali pa kukaa.

Meseji ilipoingia aliisoma mara tatu, kisha akampelekea baba yake aisome. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda, simu mkononi, akaisoma mbele ya watu wote mpaka lile jina, P. Nasike. Pasta akasema apigiwe makofi ya kilo, akapigiwa. Hata Cherop alipiga, polepole.

Jumanne iliyofuata Kiragu akapiga simu Bungoma.

"Madam, huyu Chemutai amekataa kupiga simu ama? Siku tano yake ilikwisha juzi."

"Apige simu ya nini na alipita?"

"Alipita wapi? Si nilimkata mstari."

Pauline akafungua ile barua. Akasogeza uso karibu na kioo. "Kiragu, barua yako iko hapa mbele yangu. Hakuna mstari. Hata wa dawa."

"Iko, Madam. Niliweka na mkono yangu."

"Basi mkono wako ulilala." Lakini alikuwa ameshavuta daftari. "Kasoro yake ilikuwa nini?"

"Kuna mahindi ya kienyeji nyuma ya jikoni ya mzee. Karibu sana na mbegu. Na ilikuwa imeanza kutoa maua."

Pauline hakungoja kuaga. Aliichapisha ile orodha, akaikunja kwenye mkoba, akamwita mtu wa pikipiki, akapanda kutoka Bungoma mpaka Kapsokwony kwa mkao mmoja, safari ambayo mtu mwenye akili zake huikata mara mbili. Ile miteremko ya mlima pikipiki huipanda ikilia, na mama wa miaka hamsini na minne alikuwa ameshika chuma cha nyuma akiomba Mungu kimyakimya.

Chemutai alimwona tangu getini, akapiga kofi la furaha. "Madam Pauline! Wewe mwenyewe!" Alidhani amekuja kumpongeza. Bila kungoja salamu ziishe, akawaita binti zake wamshike yule jogoo mwekundu, mgeni hawezi kuondoka hivihivi.

"Mwache kuku, mama," alisema Pauline.

"Aii, hapana, Madam. Wewe ndio umeniletea baraka."

"Mwache, nakuomba. Njoo tukae." Walipoketi akasema palepale, maana neno kama hilo ukilizungusha linazidi kuoza. "Shamba lako halikupita. Nilikutumia neno ambalo si la kweli. Mimi mwenyewe sikujua. Kasoro ni mahindi ya nyuma ya jikoni."

Chemutai alinyosha mkono. Aliichukua ile karatasi, akatafuta jina lake kwa kidole, akalipata. "Mbona niko hapa, kama wengine?"

"Ndivyo ilivyonifikia."

Mzee, baba yake, alikuwa amesikia. Ile mistari mitatu ya mahindi ya kuchoma alikuwa ameipanda yeye, kwa ajili ya wajukuu. Akainuka, akaenda nyuma ya jikoni, akaanza kuyang'oa kwa mikono, moja baada ya jingine, akiyatupa kwenye boma la ng'ombe. Chemutai akamfuata. Pauline naye akavua koti akawafuata. Waling'oa mpaka likaisha la mwisho. Lakini mbelewele zilikuwa zimekwisha kumwaga unga wake siku nyingi.

Kesho yake mkaguzi, Ngari, alikuja. Mtu wa maneno machache. Akapita katikati ya mbegu, akafungua maganda hapa na pale, akatazama, akafunga. "Mngeng'oa ile wiki ingine," alisema, "tungekuwa tunaongea mambo mengine." Akaandika kwenye fomu yake kwamba shamba limekataliwa. Mahindi yote yale, ekari moja na nusu, yataliwa ugali kama mahindi mengine.

Chemutai alimpigia Pauline akamweleza. "Nilisimama kanisani, Madam," alisema mwishowe. Halafu simu ikakatika.

Siku zile Pauline hakuwa mtu wa kukaribiwa. Aibu ilimchoma masikio, na aibu ikakosa pa kwenda, ikageuka hasira, na hasira yote ikamwendea Kiragu. Kijana wa mapambo! Kijana wa manjano! Aliwaambia wanachama waliopita ofisini, akawaonyesha ile karatasi safi isiyo na mstari, nao wakaguna. Habari ikaenea. Ikafika Kitale. Kampuni ikaandika kwamba mkataba wa Kiragu unakwisha mwezi huo, na kabla ya kuurefusha au kuukata watasoma kwanza kumbukumbu za mkutano wa chama. Mkutano ukaitishwa Jumamosi, Misikhu. Na mwandishi wa kumbukumbu ni nani? Ni katibu.

Alhamisi alasiri Pauline alikaa ofisini kutayarisha karatasi. Alitaka kila mwanachama apate nakala ya ile barua, kila mtu ajionee mwenyewe. Akaifungua. Na kwa kuwa safari hii alikuwa anaitazama kama ushahidi, jicho lake likapanda mpaka juu kabisa, pale ambapo halikuwa limepanda kwa miaka tisa. Palikuwa na maandishi madogo ya kijivu: "Mapambo ya barua hii yamefichwa. Bonyeza hapa kuyaona."

Alikuwa akiyaona kila siku bila kuyaona. Akabonyeza.

Kompyuta iliguna, ikafikiri, ikaleta kichwa cha kijani, ikaleta manjano. Kisha majina. La ishirini na tano, zima. La ishirini na sita, mstari umepita katikati yake.

"Uuwi!" alisema Pauline, na hakukuwa na mtu wa kumsikia.

Sasa hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Kiragu naye alikosa. Neno "halikupita" ni neno moja, na lingevuka milima yote na simu zote likiwa zima. Alikuwa nalo mdomoni, hakuliandika. Lakini mstari aliuweka, kama alivyosema, na aliyeufungia nje alikuwa Pauline mwenyewe, kwa amri yake, akicheka.

Na hakuna aliyejua. Karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa safi. Angeweza kuifunga barua, angeweza hata kuifuta, na Jumamosi watu wote wangemwamini, kwa sababu katika miaka yote hiyo hajawahi kuwaandikia neno ambalo si la kweli. Kiragu angerudi nyumbani. Ni kijana, alijiambia, atapata kazi nyingine. Lakini alijua vizuri kwamba kijana huyo alizunguka na vyeti miaka miwili kabla ya kupata hii. Yeye alibakisha mwaka mmoja astaafu. Kitu alichokuwa nacho maishani, zaidi ya nyumba yake ya mabati na ng'ombe wawili, kilikuwa lile jina la P. Nasike chini ya meseji. Aliogopa. Nasema aliogopa. Mficha maradhi kifo humwumbua, wanasema, lakini mgonjwa akiwa ni wewe, methali hiyo huwa nzito kidogo.

Usiku ulipita na Ijumaa ikapita, wala hakumwambia mtu yeyote.

Jumamosi ukumbi wa kanisa pale Misikhu ulijaa. Mzee Makokha aliketi mbele, Pauline kando yake na daftari. Kiragu alikuja kwa pikipiki kutoka Kitale, akakaa nyuma peke yake, shati limenyooshwa, na safari hii hakuleta avokado. Chemutai alikaa safu ya pili, na Cherop kando yake. Kaka huyo alikuwa amekuja kuona mwisho wa dada yake.

Baada ya maombi Wekoye wa Misikhu, mtu wa sauti kubwa, hakungoja aitwe. "Mwenyekiti, si tuseme tu ukweli! Huyu kijana ametuharibia mwanachama. Ati alikata mstari. Mstari uko wapi? Sisi wote tumeona karatasi. Aende!"

"Aende!" walijibu wengine.

Kiragu akasimama. "Niliweka mstari," alisema. "Siwezi kusema sikuweka. Na nikiwaonyesha kwa simu yangu, mtasema nimeuweka jana." Akakaa. Hakumtazama Pauline.

Mzee Makokha akainua mkono watu wanyamaze. "Katibu, wewe ndio ulipokea hiyo barua. Tuambie vile ilifika."

Pauline akasimama. Aliishika meza. "Mstari ulikuwa," alisema.

Mtu mmoja wa nyuma akauliza amesema nini.

"Nasema mstari ulikuwa. Kompyuta yangu haionyeshi mistari, kwa sababu mimi niliagiza ifungwe, mwaka wa tisa huu. Nilionyeshwa mahali pa kubonyeza, nikakataa. Alhamisi nimebonyeza. Jina la Chemutai lilikuwa limekatwa tangu siku ya kwanza. Hii karatasi niliwaonyesha ni ya kweli kwa macho yangu, lakini si barua vile Kiragu alituma."

Kiragu alikuwa ameinamisha kichwa, na alipokiinua alisema kwa sauti ndogo, "Hata mimi ningeandika neno, Madam. Ilikuwa ni neno moja."

"Ndiyo," alisema Pauline. "Ungeandika. Na mimi ningeuliza."

Mzee Makokha alikohoa. Amefanya kazi na huyu mama miaka kumi na minne, na hakupenda kumwona amesimama vile mbele ya watu. "Basi, basi, kuteleza si kuanguka. Katibu, andika kwamba kulitokea hitilafu ya mawasiliano. Hiyo inatosha. Tuendelee."

"Inatosha!" walisema watu, na walisema kwa kumpenda.

"Hitilafu ya nani, Mwenyekiti?"

"Si ya... ya mawasiliano tu."

"Mawasiliano haina mikono," alisema Pauline. "Haiwezi kufunga kitu." Akaketi, akaandika, na hakuna aliyemkatiza.

Sasa kwa kuwa watu wa chama hiki hutoka mbali, kumbukumbu zao hazingoji mkutano ujao. Husomwa siku hiyohiyo, mtu akapendekeza kwamba ni za kweli, mwingine akaunga mkono, ndipo watu wakaenda nyumbani. Bila mpendekezaji, kitu hakiendi Kitale. Pauline akasimama tena akasoma, kwa sauti ileile anayosomea ajenda.

"Ofisa wa Kitale alikata jina la Chemutai kwa mstari na hakuandika kwamba shamba halikupita. Katibu alikuwa amefunga kompyuta isionyeshe mistari. Aliona wakulima wote wamepita, jambo ambalo halijawahi kutokea, na hakuuliza. Alimtumia Chemutai habari isiyo ya kweli. Siku tano za kurekebisha zikapita. Katibu alikosa, na Chemutai amepoteza mbegu ya msimu mzima." Akageuza karatasi. "Nani anapendekeza?"

Hakuna aliyeinua mkono. Wekoye alitazama viatu vyake. Watu walitazama dirisha, kwa sababu kusema ni kweli kulikuwa kama kumpiga mama wa watu.

Chemutai akasimama. Cherop alimshika mkono, Chemutai akauondoa.

"Mimi napendekeza," alisema. "Ni hivyo ndio ilikuwa." Akamgeukia katibu. "Lakini mimi bado niko na uchungu, Madam. Hiyo pia uandike."

Pauline hakuinua uso. Akaandika chini ya yale mengine, kisha akasoma alichoandika ili mkutano usikie.

"Chemutai bado ana uchungu."

Wekoye akaunga mkono.